Bega la Felista

Bega la kushoto la Felista lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kulia. Wanawake wengi wa mlimani hupindwa hivyo na mizigo ya kuni, lakini Felista hakuwa mchukuzi wa kuni, na aliyemwuliza alijibiwa kwa majivuno ambayo Kanisa limeyakemea mara nyingi: "Hapo ndipo Mzee Mwinjuma anapoweka mkono."

Mahali alipozaliwa hapajulikani. Alifika misheni akiwa na umri wa kung'oa meno ya utoto, katika kundi la watoto ambao mapadre waliwakomboa kutoka msafara wa watumwa uliokuwa ukiteremka pwani. Walimpa jina, nguo mbili na mtakatifu wa kumwombea. Hawakuweza kumpa mama. Kwingine duniani hiyo ni huzuni ya kawaida. Katika Uluguru ni pigo la kisheria, kwa kuwa huko mtu huhesabiwa kwa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti, na mtu akifa watu huuliza kwanza lukolo lake, yaani ukoo huo, ndipo waulize kilichomuua. Felista akiulizwa ukoo alijibu, "Misheni," na watu walitazama pembeni kwa adabu, kama waliotajiwa ugonjwa wa siri.

Alipokuwa mtu mzima alipewa kazi katika Nyumba ya Vipofu, jengo refu la mawe juu ya mto Morogoro. Humo waliishi vipofu kumi na mmoja: wengi wa ndui, wawili wa mtoto wa jicho, na mmoja ambaye Sista Walburga alishuku kwamba anaona kidogo ila anapenda uji. Wote walikuwa Wakristo, au walikuwa njiani, isipokuwa Mzee Mwinjuma. Sista alimpokea kwa matumaini ya ubatizo. Yeye aliingia kwa matumaini ya chakula. Kila mmoja alimvumilia mwenzake. Kila Ijumaa mzee alivaa kanzu, akaweka mkono kwenye bega la Felista, wakashuka mjini msikitini. Felista alimsubiri nje, ameegemea ukuta wa msikiti, akisali rozari. Hakuna aliyeona ajabu isipokuwa padre mmoja mgeni.

Hayo yalidumu miaka minne. Kisha, masika moja, mzee aliteleza njiani akaumia goti. Goti lilipona, nia haikupona. Akaacha kutoka. Felista alimletea uji kitandani, akamsimulia nani amepita na mvua imenyesha wapi, na kila alipokwenda kuungama alisahau kutaja jambo moja, kwamba hakusikitika. Mtu asiyetoka haendi na mwingine.

Ilikuwa mwaka wa nne tangu gari moshi lianze kupiga kelele Morogoro, na Wajerumani walikuwa wamefikia hatua ile ya utawala ambapo kila kitu lazima kiwe na kanuni. Sista Walburga naye akaandika za kwake. Aliajiri wanawake watano wapya wa kuhudumia vipofu, akanunua daftari lenye jalada jeusi, akaanza masomo. Kanuni ya kwanza: ukiingia, taja jina lako. Ya pili: usimvute kipofu kama mbuzi wa mnada, mpe bega atangulize mkono mwenyewe. Ya tatu: sema kila jiwe na kila ngazi kabla mguu haujafika. Ya nne: usihamishe kitu chake chochote, hata kwa unyayo mmoja.

Kanuni ya tano ilihusu chakula. Kipofu aambiwe kilipo chakula chake sahanini kwa kufuata uso wa saa: nyama iko saa tatu, viazi viko saa sita. Somo hilo lilikuwa na upungufu mdogo. Saa tatu ya Sista ilikuwa saa tisa ya watu wengine wote wa nchi ile, na vipofu karibu wote hawakuwahi kuona saa. Siku ya kwanza Bi Cecilia, mkongwe wa ndui, alitumbukiza vidole vyote vitano kwenye mchuzi wa moto upande ule alioambiwa hauna kitu.

Felista ndiye aliyeitengeneza kanuni hiyo. Aligeuza sahani ili upande mmoja uelekee milima na mwingine uelekee mji, akasema: "Bibi, maharage yako mlimani, mchicha uko bondeni." Hakuna Mluguru, mwenye macho au asiye na macho, asiyejua mlima uko wapi. Sista aliandika katika daftari lake kwamba Felista ana akili, akamfanya mkuu wa mafunzo.

Kwa hiyo ni yeye aliyewafunga wanawake wale vitambaa vya kaniki machoni na kuwazungusha uani, wakikanyagana na kupiga mayowe. Alikuwa mwalimu mkali. "Magdalena, umemwambia mwenzako kuna ngazi baada ya kuanguka. Hayo ni mahubiri, siyo msaada." Wote walimwogopa, na yeye alilipenda hilo kiasi cha haki. Mmoja tu hakuogopa. Chausiku, mjane kutoka upande wa Mikese, alifungwa kitambaa, akasukumwa katikati ya ua, akasimama tu, akacheka.

"Mbona hutembei?" Felista aliuliza.

"Nasikiliza, dada. Kuku wako wapi, jiko liko wapi, na nani anatafuna wakati wa somo."

Magdalena akameza haraka.

Siku ya pili Chausiku aliingia chumbani kwa Mzee Mwinjuma bila kutaja jina, kinyume cha kanuni ya kwanza, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa, jambo ambalo Sista hakuliandikia kanuni kwa kuwa hakudhani lingetokea. Felista alikuwa mlangoni na bakuli la uji.

"Shikamoo, mzee. Wewe ni wa mama gani?"

"Marahaba." Mzee akamtajia ukoo wake.

Chausiku akajipiga paja. "Ala! Kumbe ndiyo ninyi! Mlioiba ngoma ya mvua halafu mkashindwa kuipiga!"

Felista alisubiri mbingu ianguke. Mzee aligeuza uso polepole.

"Na wewe basi ni wa wale waliokimbia vita wakamsahau bibi yao jikoni."

"Hatukumsahau. Tulimwacha awapikie ninyi, mlikuwa na njaa."

"Alipika vibaya."

"Lakini mlikula!"

Mzee Mwinjuma akacheka. Katika miaka minne Felista hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Mwanzoni alidhani ni kikohozi, akaweka bakuli chini atafute maji.

Koo zao zilikuwa watani, na mtani ana ruhusa asiyokuwa nayo mke, mtoto wala jumbe: anamtukana mtani wake mchana kweupe, anachukua kuku wake bila kuomba, na siku ya msiba ndiye anayefanya kazi zinazowashinda wenye machozi. Ruhusa hiyo haiombwi wala haifunzwi. Mtu huzaliwa nayo, huipata kwa mama. Felista aliujua utani kama alivyoijua ndoa, kwa kutazama.

Kesho yake mzee alinyoosha mkono kutafuta kigoda chake, akakosa.

"Kigoda changu kiko wapi?"

"Kimekwenda kuota jua," Chausiku alisema kutoka nje. "Kimechoka kukaliwa na gogo. Ukikitaka kifuate."

"We mwanamke, nikikupata!"

"Kwa miguu ipi?"

Mzee akatoka. Alipapasa ukuta, akapiga fimbo mbele kushoto na kulia, akatukana ukoo mzima wa Chausiku mpaka kizazi cha tano kwenda juu, akakipata kigoda barazani. Siku iliyofuata kigoda kilikuwa chini ya mpapai. Mwisho wa juma kilikuwa langoni.

Felista hakulala vizuri juma lile. Alihesabu vicheko. Aligundua kwamba Chausiku hupaka mafuta ya nazi, na kwamba mzee hugeuza kichwa mafuta yakipita mlangoni kabla hata ya miguu. Yeye aliyefua kanzu ile miaka minne, aliyechagua kila mwiba wa samaki, alikuwa anasalimiwa "Marahaba, mjukuu wangu," kwa upole ule ule wa mtu anayeusalimia ukuta unaomkinga na upepo. Mara tatu alikirudisha kigoda kitandani kwa siri. Mara tatu mzee aliuliza kwa unyonge, "Leo Chausiku hayupo?"

Felista akaenda kushtaki.

"Sista, anamhamishia vitu. Kanuni ya nne. Hataji jiwe wala ngazi. Kanuni ya tatu. Na anamtukana."

"Anamtukana?"

"Asubuhi na jioni, Sista."

Sista Walburga alikwenda kusimama nyuma ya dirisha, daftari mkononi, Felista pembeni yake. Uani, Mzee Mwinjuma, ambaye tangu masika hakuwa amevuka kizingiti mpaka Chausiku alipofika, alikuwa akitembea peke yake kutoka mpapai hadi lango, anafoka, fimbo inaimba, na uso wake umechangamka kama wa bwana harusi. Chausiku aliketi mbali akimenya mihogo na kumpigia kelele. Sista alitazama kwa muda mrefu, kisha akafungua daftari. Felista aliona kalamu ikitembea, akaridhika. Jioni kanuni mpya ilisomwa mbele ya wahudumu wote.

"Kanuni ya kumi na mbili. Kipofu aliyekata tamaa atukanwe kwa upole, mara mbili kwa siku."

Wahudumu wakaitikia, "Ndiyo, Sista," kwa sauti ile ambayo Waluguru huitumia kwa jambo wasilokusudia kulitenda. Wote walijua nani anaweza kumtukana nani. Hakuna aliyemweleza Sista, kwa sababu hakuuliza. Hakuna aliyemweleza Felista, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba mtu mzima anahitaji kuelezwa.

Ijumaa ile mzee akaomba kanzu yake. Felista aliipiga pasi mara mbili, akasimama mlangoni, akainamisha bega la kushoto kama kawaida. Mzee alitoka, akanusa, akaenda moja kwa moja kwenye mafuta ya nazi.

"Pumzika leo, mjukuu wangu. Umechoka na mimi."

"Sijachoka, babu."

"Basi mimi nimekuchosha. Chausiku, twende, au miguu yenu hujua njia moja tu, ya kukimbia vita?"

Felista aliwafuata kwa mbali mpaka mjini. Ukutani kwa msikiti hakusali rozari. Alihesabu makosa: jiwe la kuvukia mto, halikutajwa, tawi la mwembe, halikutajwa, mzee alijikwaa mara nne, na mara zote nne alicheka. Mhudumu aliyefunzwa vizuri angeshukuru kwamba mgonjwa wake ametoka kitandani. Felista alikuwa mwalimu wa wahudumu, na alichotaka ni mvua kubwa ya siku arobaini.

Mvua haikuja, kwa hiyo alibaki na kanuni ya kumi na mbili. Alijiandaa siku tatu. Nusu ya maneno aliyachukua kwa Chausiku, nusu aliyatunga mwenyewe, na hiyo ya kutunga ndiyo aliyoipenda zaidi. Asubuhi ya Jumatatu aliingia bila kutaja jina, akasema:

"Amka, mwizi wa ngoma! Hata wafu wa ukoo wenu wamechangamka kuliko wewe."

Mzee Mwinjuma akakaa kitako.

"Nani amesema?"

"Mimi, babu. Felista."

"Umewataja wafu wangu?"

Alisimama bila kushika ukuta, na kwa nukta moja Felista alidhani imefaulu. Kisha mzee alilala tena, akageukia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani. Uji ulipoa. Mchana chakula kilirudi, jioni kilirudi. Sista alidhani ni homa, akaleta kwinini. Kwinini nayo ikarudi. Siku ya tatu Chausiku alimwambia Sista kile ambacho wote walikuwa wanakijua.

"Siyo homa, Sista. Ametukaniwa wafu na mtu asiye mtani wake. Hatakula chakula cha nyumba hii mpaka jambo lisemwe."

"Lakini wewe unamtukana kila siku."

"Mimi namtukana kwa haki," Chausiku alisema. Sista hakupata mahali pa kuandika hilo.

Jumbe Stambuli aliitwa pamoja na wazee wa ukoo wa Mwinjuma. Walikaa uani kwenye mikeka, na mzee akaletwa, amenyauka lakini amenyooka. Felista alisimama mbele yao. Aliulizwa kama alisema, akajibu alisema. Aliulizwa maneno, akayarudia, na kwa mazoea ya ualimu akayarudia kwa ufasaha zaidi kuliko mara ya kwanza. Mzee mmoja alifumba macho.

"Haya," alisema jumbe. "Kosa lipo. Mjomba wake yuko wapi, ajibu?"

Jumbe akatazama nyuma ya Felista, hapakuwa na mtu.

"Hana mjomba," alisema mmoja wa wazee. "Huyu ni mtoto wa misheni."

"Ukoo?"

"Misheni."

Jumbe alijikuna kidevu. Wazee wakanong'onezana, hawakuchukua muda. "Basi hakuna shauri. Faini hulipwa na mjomba. Asiye na mjomba tumtoze nani? Padre?" Watu wakacheka. "Mtoto mchanga akikukojolea humshtaki. Upepo ukikuvua kilemba huushtaki. Bibi, nenda zako, huna hatia."

Watu walianza kuinuka na kukung'uta mikeka. Felista hakuinua mguu.

"Nimemtukana," alisema.

"Tumesikia. Nenda."

"Nimemtukana kwa kusudi! Nilifikiri siku tatu! Nitozeni!"

"Dada, umeachiwa, nyamaza," Magdalena alimvuta kanga.

"Siachiwi! Huyu hapa," akamwonyesha Chausiku kidole, "akisema neno mzee anafufuka. Mimi nikisema ni upepo. Miaka minne nimekuwa upepo? Nitozeni mbuzi, nitozeni ng'ombe, nitozeni kitu!"

Hakuna baraza la Uluguru lililowahi kuombwa hivyo, na jumbe alitazama huku na huku akitafuta mfano. Aliyesema ni Mzee Mwinjuma, na alisema kwa hasira, lakini si kwa Felista.

"Stambuli, unasema aliyenitukana si mtu?"

"Nasema hana wa kumjibia, mzee wangu."

"Mimi nimelala siku tatu na njaa. Kwa sababu ya upepo? Unanifanya mimi nani? Mjinga anayegombana na upepo?" Akagonga fimbo chini. "Nimetukanwa na mtu. Mkono wangu umekaa kwenye bega lake miaka minne, naujua mfupa wake. Ana mfupa. Nataka jogoo mwekundu, na amlete mwenyewe, kwa mkono wake, mbele yenu."

Felista alikuwa na jogoo mmoja, na alikuwa mweusi mwenye mkia mwekundu. Baraza lilijadili mkia kwa muda, likamkubali. Alimkabidhi mikononi mwa mzee. Mzee alimpapasa kifua, shingo na kilemba, akasema, "Amekonda, lakini ni jogoo," na shauri likaisha. Jogoo alipikwa papo hapo. Chausiku, kwa haki ya utani, alinyoosha mkono akachukua paja kutoka sahani ya mzee bila kuomba, na Felista, ambaye alikuwa amefuga jogoo yule tangu akiwa kifaranga, alilitazama paja lile lilivyokwenda mpaka mfupa wa mwisho.

Sista Walburga alirekebisha kanuni ya kumi na mbili. Ilisomeka: matusi yatolewe na mwenye haki nayo tu. Haki hiyo inapatikanaje hakuandika, na wahudumu waliofunzwa miaka iliyofuata walikariri kanuni hiyo kwa heshima, kama watu wanavyokariri Kilatini.

Ijumaa Felista hakusimama mlangoni. Alikaa jikoni akimenya viazi ambavyo vilikuwa vimekwisha menywa. Akasikia fimbo ikigonga kizingiti cha jiko, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwa kuwa jiko lilikuwa mbali na mzee hakuwahi kulijua.

"Yule aliyenitukania wafu yuko humu?"

"Nipo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Kanzu yangu nani kaipiga pasi?"

"Chausiku."

"Nilidhani. Ina mikunjo hata kipofu anaiona. Lete bega."

Akalileta, haraka mno, akagonga kidevu cha mzee. Walishuka pamoja, Chausiku nyuma yao akiimba wimbo wa kashfa kuhusu ngoma ya mvua. Felista alitaja kila jiwe. Alitaja hata mawe ambayo yangeweza kuachwa.

"Wewe unasema sana," alisema mzee. "Zamani ulikuwa husemi neno ila mawe."

"Na sasa?"

"Na sasa ni mawe pia. Lakini nasikia una hasira nayo."

Baada ya sala mzee alisimama mlangoni pa msikiti, Felista akainamisha bega. Mkono wa mzee ulipita juu yake, ukaenda kwa Chausiku.

"Babu, na kupanda?"

"Kupanda niachie mtani wangu. Mlima unanichosha, na nikichoka nataka mtu wa kumtukana. Wewe nikikutukana utalia, halafu nitozwe jogoo mimi."

Ikawa ndiyo desturi: kushuka kwa Felista, kupanda kwa Chausiku. Sista, alipoona wanawake wawili kwa kipofu mmoja kila Ijumaa, aliandika kwamba safari ndefu zinahitaji wahudumu wawili wa kupokezana, akaifanya kanuni. Felista aliifundisha hiyo kwa miaka, mpaka vita vilipomwondoa Sista na daftari lake, na hakumwambia mwanafunzi yeyote kanuni hiyo ilitoka wapi. Lakini alikuwa amepiga hesabu siku ile ile ya kwanza. Kushuka ni kufupi, na mkono ni mwepesi. Kupanda ndiko mtu huegemea hasa.

Kwa hiyo alipanda nyuma yao, hatua tatu, akitazama bega la mwenzake.

"Kuna shimo kushoto," alisema.

"Nimeliona," Chausiku alijibu bila kugeuka.

"Hujaliona. Umelikumbuka baada ya mimi kusema."

"Mzee, mwambie mjukuu wako anyamaze."

"Mwambie mwenyewe," alisema Mzee Mwinjuma, akihema, akikanyaga shimoni.